Pwani ya Bagamoyo na Haki ya Ahli Zetu



Kila shule zinapofungwa, mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba, wazazi wa hapa Kisanga hutujia na swali lile lile: "Maalim, je, yafaa kumpeleka mtoto pwani akaoge bahari?" Zamani swali hili halikuwapo, kwani bahari kwetu ilikuwa habari ya kusimuliwa tu. Mtu wa Usagara aliweza kuzaliwa, akaoa, akazeeka na akazikwa pasipo kuiona. Leo barabara ya lami yapita Mikumi, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme yasimama Kilosa ikielekea Dar es Salaam, hata safari iliyowachukua wazee wetu majuma kadhaa kwa miguu yaweza kumalizika kwa siku moja na bado jua lipo.

Katika jambo hili tumewaona watu wamegawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza lasema kwamba pwani ni mahali pa upuuzi, na Mwislamu mwenye kumcha Mola wake hana shughuli huko. Fungu la pili laenda bila ya kuuliza. Na likishafika huacha kila kitu mlangoni, sala, haya na hata ulinzi wa watoto, kana kwamba safari ni ruhusa ya kusahau. Sisi twaona mafungu yote mawili yamekosea, na twapenda kueleza kwa nini.

Ama hao wa kwanza, twawakumbusha kwamba Mwenyezi Mungu, katika Sura ya An-Nahl, ameihesabu bahari miongoni mwa neema alizotutiishia, tupate humo nyama laini ya kula na mapambo ya kuvaa, na tuone majahazi yakiipasua. Basi itakuwaje neema aliyotuamrisha kuitazama na kushukuru iwe haramu kuitembelea? Tena Mtume wetu (S.A.W.) hakuwa mtu wa kukunja uso nyumbani mwake. Imepokewa kwamba alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha, mara ya kwanza Bibi akamshinda, na baada ya muda yeye akamshinda Bibi, kisha akamfanyia mzaha kwamba hiyo ni badala ya ile. Na imepokewa kuwa miongoni mwa michezo isiyohesabiwa upuuzi ni mtu kucheza na ahli yake na kufundisha kuogelea. Na Salman alipomwona Abu Dardaa amezama katika ibada mpaka amemsahau mkewe, alimwambia kwamba ahli nao wana haki yao, na Mtume akasadikisha maneno ya Salman.

Yazingatieni vyema maneno haya, enyi akina baba. Ahli si wana wa kiume peke yao. Tumeona mara nyingi baba akiwachukua vijana wake kwenda kutembea, na mama akaachiwa kulinda kuku, na binti akaachiwa kuchota maji. Au mama akachukuliwa, lakini akafanywa mpishi wa safari: wenzake waoga, yeye apuliza moto. Hiyo si haki ya ahli. Hiyo ni kuhamisha jiko tu kutoka Kisanga mpaka pwani. Mwenye kuweza awachukue wote, na chakula kipikwe usiku wa kuamkia safari, maandazi na viazi na mayai, ili kila mtu apumzike. Asiyeweza kuwachukua wote mwaka huu, basi na adunduize akiba mpaka mwakani. Wala asikope, kwani matembezi si faradhi, na deni ni jambo zito.

Desemba ya mwaka 2024 tulikwenda Bagamoyo pamoja na nyumba sita za wazazi wa madrasa yetu. Twawapendekezea mji huo kwa sababu tatu. Kwanza, si mbali mno: kutoka Mikumi mwapita Morogoro na Chalinze, mwaacha njia kuu pale Msata na kushika barabara ya lami ya kilomita 64 iteremkayo mpaka Bagamoyo. Pili, ni mji wa Waislamu, wenye misikiti karibu na ufuko, ambamo mama aliyejisitiri hatazamwi kama mgeni. Tatu, bahari yake ni ghuba iliyo tulivu. Kisiwa cha Unguja kiko ng'ambo yake, na kina cha maji huzidi kidogo kidogo, hata mtoto huweza kwenda hatua nyingi na maji bado ni ya magoti. Maji yake si ya buluu kama yale ya katika picha, kwani mto Ruvu waingia baharini karibu na hapo ukileta udongo kutoka Uluguru. Basi mwenye kuyaona yana rangi ya chai asidhani ni uchafu.

Na hapa pana jambo la kuwaambia watoto wa Kilosa. Mto wetu Mkondoa hupeleka maji yake katika mto Wami, na Wami huingia baharini upande wa Saadani, kaskazini ya Bagamoyo. Maji yapitayo kwetu yamekuwa yakiifuata njia ya pwani kabla ya barabara na kabla ya reli, wala hayajapata kupotea. Ni nani basi aliyeyachorea njia?

Katika msafara wetu alikuwamo bibi mmoja aliyepita umri wa miaka sabini, ambaye hakuwahi kuiona bahari. Wengine walishauri abaki alinde nyumba, wazee wakakataa. Alipofika alisimama kitambo, akaingiza miguu majini, akachovya kidole, akaonja. Kisha akasema, "Subhanallah! Chumvi hii imeliwa na dunia nzima, wala haikupungua." Sisi tuliosoma vitabu tulinyamaza, kwa kuwa darsa lilikuwa limekwisha kusomwa.

Sasa twaligeukia fungu la pili, wale waendao bila ya kuuliza, na hapa twaomba kila mzazi asome kwa utulivu.

Utulivu wa ghuba ndio unaodanganya. Mtoto wetu wa bara amezoea mto, na mto huenda upande mmoja tu. Bahari huja na huondoka. Maji hujaa na kupwa mara mbili katika mchana na usiku, na baina ya kujaa na kupwa ni kama saa sita na kitu. Na kila siku saa zake huchelewa kwa dakika 50 hivi. Jambo hili laendeshwa na mwezi, na Mwislamu aliyezoea kuhesabu mwezi mwandamo ana kalenda yake tayari. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu usiku wa 15, na siku mbili tatu zinazofuata, huwa ni bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na tofauti yake huweza kupita mita 3 kwenda juu. Mwezi unapokuwa nusu, tarehe 8 na tarehe 22 au 23 na siku zinazofuata, huwa ni maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana.

Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa kama saa nne ya asubuhi, na hujaa kama saa kumi ya alasiri. Basi msafiri afikaye asubuhi ya siku hizo atakuta bahari imekwenda mbali, na mchanga mtupu umetandaa mbele yake. Watoto watakimbilia huko kuokota kombe na kufukuza kaa, na wazazi watasema, "Hapana hatari, maji hayapo." Lakini mahali palipo tambarare maji hayarudi kwa kishindo; hurudi kimya kimya kwa kujaza vijito na mabonde ya mchanga, na yaweza kumzunguka mtoto kwa nyuma naye angali anatazama mbele. Kwa hiyo, maji yanapoanza kugeuka, kila mtoto na aitwe ufukoni. Siku za maji mafu bahari haiendi mbali, na maji hujaa kama saa nne ya asubuhi. Kwa wenye watoto wadogo siku hizo ndizo bora, na kuoga kwao kuwe karibu na ufuko kabla maji hayajaanza kutoka. Hata hivyo, ukifika, waulize wavuvi wa hapo, kwani ndio wenye kuijua. Nao watakwambia pia habari za pepo, kwamba kusi ya Juni na Julai huweza kuchafua bahari iliyoamka shwari.

Siku ile tuliyokuwapo Bagamoyo tuliona jambo ambalo hatulisahau. Baba mmoja, si wa msafara wetu, alikuwa ameketi chini ya mnazi, simu mkononi. Mwanawe, mtoto wa miaka mitano hivi, alikuwa akicheza katika maji yaliyofika kiunoni mwake. Bahari ilikuwa kama maji ya ndani ya sinia. Mara tukamwona mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu ameutupa wavu wake na kukimbilia majini, nasi hatujafahamu anakimbilia nini. Alirudi na mtoto mabegani, anakohoa na kutapika maji. Mtoto alisalimika, Alhamdulillah. Baba akasema kwa mshangao, "Mbona hakulia?" Yule mvuvi akamjibu, "Mzee, anayezama halii. Mdomo wake umo majini."

Enyi wazazi, hebu litieni moyoni neno la mvuvi huyu. Wengi wetu tunamsubiri mtoto apige kelele ndipo tuinuke, ilhali mwenye kuzama hana pumzi ya kupigia kelele. Hutoweka kimya, tena kwa muda usiofika wa kumaliza kikombe cha kahawa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa uliiweka tarehe 25 Julai kuwa siku ya kuwakumbusha watu hatari hii.

Twajua watu watasema kwamba ajali ni kadari, na kwamba aliyekufa maji huandikiwa daraja ya shahidi. Ni kweli, nasi twaliamini hilo. Lakini daraja hiyo ni ya aliyezama, si ya mlinzi aliyelala. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga, na alimwambia yule mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mungu. Basi kumfunga ngamia baharini ni hivi:

Kila watoto wawili au watatu wawe na mtu mzima mmoja anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mlinzi wao, naye asiwe na simu, wala gazeti, wala mazungumzo. Akichoka, amkabidhi mwingine kwa maneno, "Sasa ni wako," na mwenzake aitikie. Kwani watoto wakiwa na walinzi kumi wasiotajwa, hao hawana mlinzi hata mmoja.

Mtoto mdogo asiwe mbali na mkono wa mlinzi wake. Mkubwa asipite maji ya kiunoni kama hajui kuogelea, hata akijisifu kwamba amevuka mto kwao. Wala asiingie mtu majini usiku, au mara baada ya kula na kushiba sana.

Waambieni watoto waburute nyayo wanapotembea majini, wasinyanyue miguu, kwani samaki aitwaye taa hujifukia mchangani, na mkiani ana mwiba wenye sumu. Yavuyavu, yule mdudu wa utelezi aonekanaye kama uji ulioganda, asishikwe, kwani huwasha.

Na Mungu apishe mbali, mtu akitolewa majini hana fahamu, asining'inizwe kichwa chini, wala asiminywe tumbo kama wafanyavyo wengi. Huko ni kupoteza wakati. Alazwe chali, kichwa kiinuliwe kidogo kwa nyuma, apuliziwe pumzi mdomoni huku pua imezibwa. Na akiwa hapumui wala hana dalili ya uhai, akandamizwe kifua katikati kwa nguvu na kwa haraka, na kupuliziwa tena, bila ya kuacha, huku wengine wakitafuta gari la kumpeleka hospitali. Hata akizinduka apelekwe, kwani maji yaliyoingia mapafuni huweza kumdhuru baadaye.

Baada ya uhai, twasema juu ya adabu. Katika mavazi, haya si ya wanawake peke yao. Kijana wa kiume naye ana sitara yake baina ya kitovu na magoti, na twawaona wengi wakiisahau mara waonapo maji. Mama na binti watafute upande ulio faragha, wala haukosekani Bagamoyo, hasa siku zisizo za Jumamosi na Jumapili. Wasiingie majini na buibui pana au kanga mbili, kwani nguo nyingi ikilowa huwa nzito na hufunga miguu. Suruali pana na kanzu fupi ya kitambaa kizito kisichoonyesha mwili, na mtandio uliofungwa imara, vyatosha kusitiri na vyaacha miguu huru. Na picha za mabinti zetu wakiwa wamelowa maji zisipigwe wala kutumwa katika simu za watu. Furaha ya nyumba na ibaki nyumbani.

Katika sala, safari hii kwa watu wa Kisanga ni ndefu, yapita marhala mbili kwa mbali, basi yajuzu kupunguza rakaa na kukusanya Adhuhuri na Alasiri kwa masharti yake, maadamu hamkunuia kukaa siku nne kamili mbali na siku ya kuingia na ya kutoka. Maji ya bahari ni tohara. Maswahaba walimwuliza Mtume juu yake, akawajibu kwamba maji yake yatoharisha na mfu wake ni halali. Kwa hiyo hakuna udhuru wa kusema, "Hatukupata maji ya kutawadhia," na bahari nzima iko mbele yenu! Na takataka zenu, mifuko na chupa, rudini nazo. Kuondoa udhia njiani ni katika imani, na ufuko ni njia ya wavuvi.

Msiondoke Bagamoyo kabla ya kuwaonyesha watoto mambo mawili.

La kwanza ni Kaole, mwendo wa kilomita kama tano kusini ya mji. Hapo yapo magofu ya misikiti miwili na makaburi ya Waislamu, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe, na msikiti mmoja wahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Bandari ya hapo ilizibwa na mikoko, mji ukahama. Basi mtoto auone msikiti ambao mji wake umekufa, na kibla chake bado chaelekea pale pale.

La pili ni habari ya Sheikh Ramiya. Bagamoyo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora na kupita katika nchi yetu ya Usagara. Wapagazi walifika hapo na pembe za ndovu mabegani, na wengine walifika na minyororo shingoni. Jina la mji husemwa kuwa ni "bwaga moyo". Mpagazi aliubwaga kwa kupumzika, na mtumwa aliubwaga kwa kukata tamaa. Miongoni mwa waliofikishwa hapo utumwani alikuwamo mtoto kutoka Manyema, Kongo, aliyeitwa baadaye Yahya bin Abdallah. Mtoto huyo alisoma, akawa mwanachuoni, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, na watu wa pwani, hata wana wa mabwana, wakaketi mbele yake kusoma. Huyo ndiye Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, na mpaka leo watu hukusanyika Bagamoyo kwa ajili ya kumbukumbu yake.

Twawaambia vijana wetu: nanyi mmefika pwani ile ile mkitoka bara ile ile. Lakini mmefika kwenye viti vya gari, mama zenu wako pembeni, na jioni mtarudi kwenu. Hakuna aliyewafunga, wala hakuna aliyewatwika. Hiyo ni neema ambayo mamia ya maelfu ya waliopita njia hiyo hawakuipata, na shukrani ya neema si maneno ya ulimini tu. Shukrani ya safari ni kila aliye nyumbani apate fungu lake la furaha, na kila aliyeondoka nyumbani arejee.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azihifadhi ahli zetu nchi kavu na baharini, na atujaalie tuwe wachunga wenye macho.

Wabillahi tawfiq.